Mlango wa Kutokea

Nilihamia Nakuru mwanzoni mwa 2022, mji ukiwa bado na furaha ya kupewa hadhi ya jiji. Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikabidhi hati, Nakuru ikawa jiji la nne la Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kila nyumba niliyokwenda kuitazama, dalali alinikumbusha habari hiyo kabla hajafungua mlango. "Sasa hii ni siti, ndugu yangu," aliniambia, kisha bei ikafuata.

Mimi ni Mtanzania wa Arusha. Kilichonipeleka huko ni kazi ya utafiti wa ngano Njoro, kama kilomita 20 kutoka mjini, mahali ambapo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa makusudi kwenye ugonjwa ili ionekane zipi zinastahimili kutu ya shina, ile ya aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mke wangu na binti yetu wa miaka 4 walikuwa wanasubiri Arusha hadi nipate mahali pa kuishi. Kwa hiyo sikuwa natafuta kitanda cha kujilaza. Nilikuwa natafuta nyumba ya familia, katika nchi ambayo sikuwa na shangazi wala mwanafunzi mwenzangu wa kuniambia mtaa upi ni mzuri.

Kwetu Arusha mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine ya mwaka mzima. Juu yake dalali ana kodi yake ya mwezi mmoja. Unakopa, unauza kitu, unalipa, na baada ya hapo mnaweza kukaa muda mrefu bila kuulizana neno. Kenya kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, mara nyingi kabla ya tarehe 5, ukitanguliza amana ya mwezi mmoja au miwili na kiasi kingine cha maji na stima. Kwa mtu wa mshahara ni ahueni kubwa. Hilo nawasifu Wakenya bila kinyongo, na natamani tungelijifunza.

Lakini utaratibu huo unabadilisha kitu cha kujadili. Arusha unapigania bei, kwa kuwa pesa yote inatoka mfukoni siku moja. Nakuru pesa inayohitaji kulindwa ni ile amana, nayo utaiona thamani yake siku ya kuondoka. Kazini Njoro nilisikia zaidi habari za amana zilizoliwa kuliko habari za kodi iliyopandishwa: mmoja alikatwa yote kwa madai ya rangi, mwingine aliambiwa asubiri mpangaji mpya aingie ndipo alipwe, akasubiri hadi mkataba wake wa kazi ukaisha akarudi Kampala. Wote walikuwa wamebishana vizuri kuhusu kodi siku ya kuingia. Hakuna aliyekuwa ameulizia siku ya kutoka. Nikaamua mazungumzo yangu yaanzie huko mwisho, nirudi nyuma hadi kwenye bei.

Kwanza, hata hivyo, ilibidi niujue mji wenyewe. Nakuru imekaa kati ya kreta ya Menengai upande wa kaskazini na ziwa upande wa kusini, na vyote viwili vina la kusema kuhusu mahali utakapolala. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya Ziwa Nakuru yamekuwa yakipanda, sawa na ya Baringo, Bogoria na Naivasha, yakafunika sehemu za mbuga na kuzihamisha familia za upande wa Mwariki. Nyumba za huko chini zilikuwa na bei ya kuvutia. Keateka mmoja, yaani mwangalizi wa jengo, baada ya kunionyesha vyumba vyote na kusifu jiko, alinitembeza hadi nyumba ya tatu kutoka hapo na kuninyooshea kidole mstari wa maji ukutani, umefika usawa wa kiuno. Hakuongeza neno. Ningekuwa na uwezo ningempa ajira mtu yule, maana alikuwa anampotezea tajiri wake mpangaji ili asimpotezee mgeni makazi.

Kisha kuna maji ya kunywa, na hapa naomba msomaji anivumilie. Nimekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, na meno yangu yana michirizi ya kahawia hadi leo. Ni kazi ya floridi iliyomo kwenye maji ya ardhi ya volkano. Nakuru ni ardhi ile ile. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita kiwango hicho. Meno ya kudumu huharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, kabla mtoto hajafika miaka 8 hivi. Akishakua na meno yakatoka, hakuna dawa ya mswaki itakayoyarudisha. Binti yangu alikuwa na miaka 4. Basi kila nyumba nilianza na swali moja: maji haya yanatoka wapi?

Utashangaa jinsi wanaouliza swali hilo walivyo wachache. Madalali walidhani naulizia kama maji yapo. "Maji hapa hayakosi, kuna borehole," ndilo jibu, na ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kisima kirefu ndicho chenye floridi. Maji ya mfereji ya kampuni ya NAWASSCO nayo huchanganywa kutoka vyanzo tofauti, na huja kwa zamu. Bahati nzuri Nakuru ina jambo ambalo miji mingi haina. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza zamani kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa ustadi, ambayo hunasa floridi maji yanapopita. Nilivifahamu, maana Ngurdoto kwetu Arusha kuna kituo kinachofanya kazi ya namna hiyo hiyo. Nikaweka nia kwamba chujio, au tangi la kuvuna maji ya mvua, liingie kwenye mazungumzo ya nyumba pamoja na kodi.

Kuhusu madalali nitasema machache. Kenya ina Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba, na wakala aliyesajiliwa hana haya ya kuonyesha cheti. Anayedai pesa ya kukuonyesha nyumba kabla hujaiona, akakutajia namba yake mwenyewe ya M-Pesa kwa ajili ya amana, achana naye hata kama nyumba ni nzuri. Mfumo wa M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijakamilika kwenda. Jina hilo lisipolingana na la kwenye mkataba, futa muamala. Nilikutana na hali hiyo mara moja, nikafuta, na yule bwana hakunipigia tena.

Nyumba niliyoipenda ilikuwa mtaa wa Section 58, ghorofa ya pili, vyumba viwili, roshani ndogo inayotazama Menengai. Mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu, anaishi ghorofa ya chini ya jengo hilo hilo. Alitaka shilingi 24,000 kwa mwezi na amana ya miezi miwili. Wapangaji wengine, nilishasikia kwa keateka wa jengo hilo, walikuwa wametoa amana ya mwezi mmoja.

Alinikaribisha sebuleni kwake, chai ya maziwa ikaletwa pamoja na viazi vitamu vya kuchemsha. Tuliongea habari za Arusha, za baridi ya Julai, za bei ya unga. Sikuharakisha. Nilipoona ameridhika na mimi kama mtu, nikamuuliza: "Mama, naomba nikuulize bila kukukosea adabu. Wenzangu wametoa mwezi mmoja. Mimi kwa nini miwili?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni, kijana wangu. Mgeni akiamka usiku akaenda, nitamtafuta wapi? Arusha?"

"Kuna aliyewahi kufanya hivyo?"

Akanyamaza, kisha akainuka na kurudi na kaunta buku, lile la gamba gumu jeusi na mgongo mwekundu. Alilifungua mahali palipokuwa pameshachakaa kwa kufunguliwa. Ulikuwa ukurasa wa Januari 2008. Aliziba majina kwa kiganja, nami nikaona safu ya upande wa kulia peke yake: tarehe, kiasi, na neno moja limerudiwa mstari hadi mstari, "ipo". Amana ya kila mtu, ipo.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa Januari 2008 ilikuwaje Nakuru. Kwa wengine niseme kwamba ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliufikia mji huo kwa ukali mwishoni mwa Januari, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi kubwa ya waliofukuzwa makwao. Wapangaji wa huyu mama walikuwa wa makabila tofauti. Wengine walikimbilia uwanjani, wengine walipanda malori kwenda magharibi. Waliacha masufuria jikoni.

"Hawa hawakunitoroka," aliniambia. "Walikimbia. Huyu alirudi baada ya miaka, nikampa yake. Huyu sikumwona tena. Lakini nyumba zilikaa tupu, na benki haikukimbia na mkopo wake."

Nilikuwa nimejiandaa kukabiliana na tamaa. Nilichokikuta kilikuwa hofu, na hofu hujadiliwa kwa namna nyingine kabisa. Ukimchukulia mwenye nyumba kuwa mroho, utamkatia bei. Ukijua anachoogopa, unaweza kumpa kitu ambacho hakikugharimu sana wewe na kwake kina thamani kubwa. Yeye aliogopa kuondoka kwangu kwa ghafla. Mimi niliogopa kuondoka kwangu na kubaki bila amana. Sote wawili tulikuwa tunaogopa siku ile ile. Na uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulikuwa mbele yetu, jambo ambalo hakuna aliyelitaja hadi chai ilipokwisha.

Nikamwambia nitatoa notisi ya miezi miwili badala ya mmoja. Mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa Njoro, atasaini kama mdhamini akiwa na kitambulisho chake cha taifa. Nitamwandikia namba za kaka yangu Arusha na anwani ya mahali pangu pa kazi. Mimi, kwa upande wangu, niliomba amana iwe ya mwezi mmoja, irudishwe ndani ya siku 14 baada ya kukaguliwa nyumba, na kama kuna makato yaandikwe moja moja pamoja na risiti ya fundi.

Alikubali ya mdhamini haraka kuliko yote. Nilijifunza hapo kwamba pasipoti, kwa mwenye nyumba, ni karatasi ya mtu anayeweza kuondoka, na mdhamini ni mtu anayebaki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inatambua haki ya raia wa nchi wanachama kuishi na kufanya kazi ng'ambo ya mpaka, ila mambo ya ardhi na majengo imeyaachia sheria za kila nchi. Kwenye sebule ya Section 58 itifaki hiyo haikufungua mlango. Kilichoufungua ni sahihi ya mtu wa Njoro anayejulikana na watu wanaojulikana. Mgeni anayesoma haya atafute mdhamini kabla ya kutafuta nyumba.

Rangi ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Mkataba wake wa kawaida ulisema mpangaji akitoka atapaka rangi nyumba nzima, au gharama ikatwe kwenye amana. Kwa kifungu hicho amana ya mwezi mmoja huwa imeshaondoka siku unayosaini. Nilimwomba tuipige nyumba picha pamoja, chumba kwa chumba, madoa na misumari, kila mmoja abaki na nakala kwenye simu yake, na tuandike kwamba kuchakaa kwa kawaida si deni la mpangaji. Alisita. Tukakubaliana hivi: nikikaa chini ya mwaka mmoja napaka rangi mimi, nikizidisha tunagawana, nikifika miaka miwili anapaka yeye. Ilikuwa haki, na wazo hilo la miaka lilikuwa lake.

Kodi ilishuka hadi 22,000 bila kelele, na kwa hiari yake akakubali kuweka tangi la maji ya mvua juu ya paa la gereji, mimi nikanunua chujio. Tukaandika pia kwamba kodi isipandishwe zaidi ya mara moja kwa mwaka, tena kwa taarifa ya miezi mitatu. Kisha yeye mwenyewe akasema tuandike la uchaguzi. Akatamka, nami nikaandika: kukitokea vurugu za kuilazimu familia kuondoka, kodi itahesabiwa mwezi mmoja tu, vitu vitatunzwa ndani kwa kufuli la mpangaji, na amana itabaki ilipo hadi mtu arudi au atume mtu wake. Sijawahi kuona kifungu kama hicho katika mkataba wowote wa wakili. Kiliandikwa na mwanamke aliyejua anachokisema.

Wakili mmoja mjini alitusomea na kutusafishia lugha. Alitueleza mambo ambayo kila mpangaji Kenya anapaswa kuyajua. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua upangaji wa miaka miwili kurudi chini hata ukiwa wa maneno matupu, bila kusajiliwa, hivyo asiye na karatasi si kwamba hana haki, ila kazi yake ya kuithibitisha ni ngumu. Unapolipa kodi kila mwezi na hamkuandika kipindi wala notisi, notisi haiwezi kuwa fupi kuliko mwezi. Mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kukamata mali kupitia dalali wa mnada mwenye leseni, lakini kukufungia mlango kwa kufuli au kukung'olea mabati si njia ya kisheria, hata kama mitaani inaonekana kila siku. Na mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu hautapokelewa mahakamani kama ushahidi hadi ulipiwe. Ushuru huo tuligawana nusu kwa nusu.

Kisha nikamuuliza: tukigombana, tunakwenda wapi? Akanieleza habari ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, iliyotungwa 1959, enzi za ukoloni. Ina baraza lake la kusikiliza malalamiko ya wapangaji na wenye nyumba, haraka na kwa gharama ndogo. Ila ulinzi wake ni kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye duka ana baraza lake chini ya sheria nyingine. Mwenye chumba kimoja cha mabati mitaa ya Kaptembwo au Rhonda labda bado anaingia chini ya kikomo hicho. Mwalimu, muuguzi, dereva wa matatu, mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha anayepanga nyumba ya kawaida ya chumba na sebule, wote wako nje. Wao wakidhulumiwa amana ya shilingi 15,000 wanaambiwa waende mahakamani, na gharama ya kwenda huko ndiyo inayowafanya wanyamaze.

Uchaguzi wa 2022 ulipita Nakuru kwa utulivu. Kifungu chetu hakikutumika. Mwaka 2024 kazi yangu ya utafiti ilipoisha nilitoa notisi yangu ya miezi miwili, tukakaa sebuleni na zile picha, tukatembea chumba kwa chumba. Alikata gharama ya kitasa kilichovunjika, akanipa risiti ya fundi, na amana iliyobaki ikaingia kwenye simu yangu kabla siku 14 hazijaisha. Binti yangu alikuwa ameanza kuota meno ya kudumu ya mbele, meupe.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu nilimpata mwenye nyumba anayeandika "ipo" mbele ya amana ya mtu aliyekimbia. Haki ya mpangaji haipaswi kusubiri bahati ya namna hiyo. Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria hizi kuukuu na kuwapa wapangaji wa nyumba za kuishi mahali pamoja pa kusikilizwa. Haukufika kuwa sheria. Nawaomba wabunge wa Kenya, hasa wa Nakuru, ambayo sasa ni jiji na inapokea wapangaji wapya kila mwezi, waurudishe mezani. Hadi ninapoandika haya kikomo ni kile kile, shilingi 2,500.